MSALABA WA MAANDAMANO: NENO NA KITU CHENYEWE KATIKA IBADA YA KANISA LA ETHIOPIA

Msalaba ni neno lijulikanalo na kila asemaye Kiswahili, awe Mkristo au asiwe. Likitajwa, msikilizaji huona mbele ya macho yake vipande viwili vya mti vilivyopitana, na huona kwamba maelezo zaidi hayahitajiwi. Lakini neno lijulikanalo na wote ndilo mara nyingi lisilochunguzwa na mtu. Makala haya yamekusudiwa kueleza aina moja tu ya msalaba, yaani ule uchukuliwao katika maandamano ya ibada, na hasa ule wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, nchi ambayo vitabu vya zamani vya Kiswahili huiita Uhabeshi.

Ethiopia imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, msalaba wa namna hiyo umetengenezwa huko kwa karne nyingi na kwa maumbo mengi, hata ni vigumu kuitaja nchi nyingine ya Afrika iliyo sawa nayo katika jambo hili. Pili, misalaba mingi ya huko imetoka makanisani ikaingia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ikaandikwa katika daftari zao kwa majina ambayo hayakuchaguliwa na wenyewe. Mtu atakayefasiri daftari hizo kwa Kiswahili, au atakayeandika kitabu cha shule juu ya sanaa ya Afrika, hana budi kukijua kitu chenyewe kabla ya kuchagua neno. Akikosea neno, si lugha peke yake itakayopata hasara.

Asili ya neno msalaba

Asili ya neno hili ni Kiarabu, katika mzizi wenye konsonanti tatu, s, l na b, ambao maana yake ni kumtundika mtu ili afe. Kutoka mzizi huo Kiarabu kina nomino salib, yaani msalaba. Kiswahili nacho kina kitenzi sulubu, pamoja na sulubisha, na jina Msulubiwa. Kitenzi hicho cha Kiarabu kimo pia ndani ya Kurani, katika habari za Nabii Yusufu na za Firauni. Kwa hiyo wenye elimu ya dini katika miji ya pwani waliifahamu maana yake kabla ya wamisionari wa karne ya 19 kuanza kazi yao ya kufasiri. Yafaa kukumbuka vilevile kwamba konsonanti hizo hizo hutoa katika Kiarabu neno lenye maana ya ugumu na ya uti wa mgongo, na neno hilo limeingia katika Kiswahili kwa sura ya sulubu, yaani nguvu na uimara. Ndipo isemwapo kazi ya sulubu. Maneno haya mawili yamekaribiana mno kwa sauti, na mwanafunzi asipoangalia aweza kuyachanganya.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni herufi m iliyoko mwanzo wa neno. Yako maneno ambayo m yake ilikuja nayo kutoka Kiarabu, kama vile msikiti, msahafu na mswaki. Waswahili walipoyapokea waliihesabu m hiyo kuwa ni kiambishi cha ngeli, wakasema misikiti, misahafu na miswaki. Katika msalaba hali si hiyo hiyo, maana neno la kawaida la Kiarabu, salib, halina m. Basi ni rahisi zaidi kueleza kwamba Kiswahili chenyewe ndicho kilicholitia neno hili katika ngeli ya m- na mi-, ambamo miti yote imo: mwembe, mnazi, mbuyu. Fasiri za Biblia zinaafikiana na jambo hilo, kwa kuwa katika kitabu cha Matendo ya Mitume chombo alichotundikiwa Yesu kimeitwa mti, kama lilivyo neno la Kiyunani la mahali hapo.

Kutoka katika Kiswahili neno hili limesafiri mbali pamoja na mahubiri. Waganda husema omusaalaba, Wanyarwanda na Warundi husema umusaraba, Wakikuyu husema mũtharaba, na wasemao Kiswahili katika Kongo hulitamka musalaba. Kila lugha imelipa sauti zake na kiambishi chake, lakini ngeli imebaki ile ile ya miti. Ni neno moja lililoenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na ya Kati, na katika sehemu hiyo yote linabeba maana ileile ya kwanza: chombo cha kutundikia mtu.

Neno la Waethiopia

Lugha ya ibada ya Kanisa la Ethiopia ni Ge'ez, lugha ya jamii moja na Kiarabu, ambayo haisemwi tena nyumbani lakini husomwa kanisani hata leo. Katika Ge'ez msalaba huitwa mesqel. Neno hilo limetokana na kitenzi seqele, maana yake kutundika au kuangika, likatanguliwa na m ambayo katika lugha za jamii hiyo hutumika kuunda majina ya mahali au vyombo. Maana yake ya asili, basi, ni kitu cha kutundikia. Kwa hiyo mesqel na msalaba ni maneno mawili yaliyotoka katika mizizi tofauti yakafikia maana moja, na kila moja lina m yake. Lakini m ya Ge'ez ni ya chombo, na ile ya Kiswahili ni ya ngeli ya miti. Atakayesema kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja kwa kuwa yanafanana mwanzoni atakuwa amekosea.

Hata hivyo, katika matumizi ya Waethiopia neno mesqel limekwenda mbali na asili yake. Ni jina la sikukuu. Ni sehemu ya majina ya watu, kama vile Gebre Mesqel, yaani mtumishi wa msalaba. Na jina hilo lilichukuliwa na wafalme, akiwamo Lalibela, ambaye makanisa ya mji wake yamechongwa katika mwamba mzima. Moja la makanisa hayo, lile la Mtakatifu Giyorgis, limekatwa kwa umbo la msalaba kutoka juu hata chini. Mfalme Ezana wa Aksum, alipoupokea Ukristo katika karne ya 4, aliondoa katika sarafu zake alama ya mwezi na duara akatia msalaba badala yake, naye ni miongoni mwa watawala wa kwanza kabisa duniani kufanya hivyo. Katika karne ya 15 mfalme Zara Yaqob aliwahimiza raia wake kuiheshimu alama hiyo na kuitia katika vitu vyao. Kwa watu hawa msalaba ni alama ya ushindi na ya uzima kabla ya kuwa ukumbusho wa mateso. Tofauti hii ya maana ndiyo itakayoonekana sasa katika kitu chenyewe.

Umbo la msalaba na jinsi ufanywavyo

Misalaba ya Ethiopia hugawanywa kwa matumizi yake katika aina tatu zilizo kubwa. Uko msalaba wa shingoni, ambao muumini huuvaa kwa uzi. Na uzi wenyewe, uitwao mateb, ni alama ya ubatizo hata usipokuwa na msalaba. Uko msalaba wa mkononi, wenye mpini mfupi, ambao kasisi huuchukua kila aendako. Waumini wakutanapo naye huugusisha msalaba huo kwenye paji la uso na midomoni, wakaubusu. Aina ya tatu ni msalaba wa maandamano, ambao ni mkubwa kuliko hizo nyingine, nao hutiwa juu ya mpini mrefu wa mti.

Msalaba wa maandamano una sehemu nne zipasazo kutajwa kwa majina. Ya kwanza ni kichwa, nacho ndicho chenye umbo la msalaba pamoja na nakshi zake. Ya pili ni mrija mtupu ulioko chini ya kichwa, ambamo mpini huingizwa. Ya tatu ni mikono miwili ya chini, iliyopinda, itokayo kwenye mrija na kuungana na kichwa. Ya nne ni mpini wenyewe. Katika mikono ile ya chini hupitishwa kitambaa, mara nyingi chenye rangi za kupendeza, kikaning'inia na kupeperuka watu waendapo. Mtu autazamaye msalaba huo bila kitambaa aweza kudhani kwamba mikono ya chini ni pambo tu. Kumbe ina kazi yake.

Misalaba hiyo hufanywa kwa shaba, kwa chuma, kwa fedha au kwa mti, na mingine hupakwa dhahabu. Njia moja ya mafundi ni ile ya kalibu ya nta. Fundi huufinyanga msalaba wote kwa nta, huufunika kwa udongo, kisha huutia motoni. Nta huyeyuka na kutoka, na mahali pake humiminwa madini yaliyoyeyushwa. Yakipoa, udongo huvunjwa. Kwa kuwa kalibu haiwezi kutumika mara ya pili, kila msalaba uliofanywa kwa njia hii ni wa pekee. Njia nyingine ni kukata bamba la madini na kulitoboatoboa, kisha kuchora juu yake sura za Bikira Maria na Mwana, za malaika au za watakatifu. Misalaba mingi imejaa mistari iliyosukwa kama ukili, isiyo na mwanzo wala mwisho, nayo hufasiriwa kuwa ni ishara ya uzima wa milele.

Jambo moja lamshangaza mgeni aliyezoea makanisa ya Kikatoliki. Katika misalaba hii ni nadra kuona sanamu ya mwili wa Yesu aliyetundikwa. Sura yake ikiwapo, kwa kawaida huwa imechorwa, haikusimamishwa kama sanamu. Kwa hiyo msalaba wa Ethiopia, ingawa jina lake ni kitu cha kutundikia, haumwonyeshi aliyetundikwa. Unafanana zaidi na mti uliochanua.

Matumizi yake katika ibada

Msalaba wa maandamano huonekana katika ibada ya kila wakati, lakini sikukuu mbili ndizo zinazoudhihirisha zaidi. Ya kwanza ni sikukuu ya Mesqel, tarehe 27 Septemba, ambayo ni ukumbusho wa kupatikana kwa Msalaba wa Kweli na Malkia Eleni, mama yake Kaisari Konstantino. Siku ya kuamkia sikukuu huwashwa moto mkubwa uitwao demera, na makasisi na mashemasi huuzunguka wakiwa na misalaba yao. Sikukuu hii iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2013.

Sikukuu ya pili ni Timqet, yaani Ubatizo, tarehe 19 Januari, iliyoingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2019. Siku moja kabla, kila kanisa hutoa tabot yake. Tabot ni ubao mtakatifu ulio mfano wa mbao za Amri Kumi na wa Sanduku la Agano, nao ndio ulifanyao kanisa kuwa kanisa. Hufunikwa kwa nguo za thamani, ukatwikwa kichwani mwa kasisi, ukapelekwa mpaka kwenye maji chini ya miavuli ya hariri, ngoma zikipigwa na njuga zikilia. Misalaba mirefu huinuliwa pamoja nao. Alfajiri yake maji hubarikiwa kwa kutiwa msalaba, na watu hunyunyiziwa au hujitosa ndani yake. Basi msalaba huo si wa kutazamwa peke yake. Huinuliwa, huchukuliwa, hubusiwa, hutiwa majini, na huguswa na wagonjwa watafutao kupona.

Andama na andamana

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutoa msaada ambao lugha za Ulaya hazina. Neno maandamano latokana na kitenzi andama, yaani kufuata. Kikipewa kiambishi cha kutendana kinakuwa andamana, yaani kufuatana, au kwenda pamoja katika safari moja. Maana hizi mbili, kufuata na kwenda pamoja, zimo zote ndani ya nomino maandamano, nazo zinaelekea desturi mbili tofauti.

Katika Kanisa Katoliki na katika makanisa ya Kianglikana yenye desturi hiyo, msalaba hutangulia. Mbeba msalaba hwenda mbele, wengine wakaja nyuma yake mpaka altareni. Huo ni msalaba uandamwao. Katika Ethiopia moyo wa maandamano ya Timqet ni tabot. Msalaba upo pamoja nayo, unaipa heshima, na watu wote, makasisi, waimbaji na waumini, huenda pamoja. Huo ni msalaba uandamanao. Lugha nyingine hulazimika kueleza tofauti hii kwa sentensi nzima. Katika Kiswahili kiambishi kimoja cha kitenzi kinatosha. Mwalimu wa sarufi atafutaye mfano wa kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi mnyambuliko wa kitenzi ubebavyo maana ya kweli, wala si umbo tupu, hapungukiwi hapa.

Ni kweli kwamba neno maandamano limepata pia maana nyingine. Katika magazeti na redio humaanisha watu wapitao barabarani kudai haki au kupinga jambo, na kijana wa mjini huenda akaifikiria maana hiyo kwanza. Lakini kuliacha neno kwa sababu hiyo hakufai. Afadhali liongezwe neno moja linapotajwa mara ya kwanza, isemwe msalaba wa maandamano ya ibada, kisha baadaye lifupishwe.

Kubeba msalaba

Kuna tatizo jingine lililo ndani zaidi. Kwa mafundisho ya Injili, usemi wa kubeba msalaba umekuwa methali katika Kiswahili. Mtu mwenye ndoa ya taabu au ugonjwa usiopona husemwa kuwa anabeba msalaba wake. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 hutumia katika fundisho hilo kitenzi kujitwika, ambacho ni cha mzigo uwekwao kichwani au begani. Basi, mtu asomaye kwamba shemasi wa Ethiopia amebeba msalaba aweza kuelewa kwamba amebeba mateso, na hali shemasi huyo amepewa heshima kubwa mbele ya watu.

Uchunguzi wa matumizi waonyesha kwamba tofauti haiko katika kitenzi. Iko katika kimilikishi. Isemwapo anabeba msalaba wake, maana ni mateso. Isemwapo anabeba msalaba, bila kimilikishi, au anabeba msalaba wa kanisa, maana ni huduma. Kwa sababu hiyo mfasiri na aepuke kuongeza kimilikishi pasipo haja, hata kama lugha anayofasiri inacho. Anaweza pia kutumia kitenzi inua. Kitenzi hicho huonyesha vizuri zaidi kitu kiinuliwacho juu ya vichwa vya watu ili kionwe, ilhali twika huonyesha mzigo umwelemeao mtu.

Mfano ulio karibu unapatikana Unguja. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa katika miaka ya 1870 mahali palipokuwa na soko la watumwa, umo msalaba uliofanywa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone aliyefariki mwaka 1873. Kanisa hilo lilijengwa na Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870. Mtu akiuita huo pambo la ukutani lenye umbo la msalaba, hakusema uongo juu ya umbo lake wala mahali pake; lakini ameondoa kila kitu kinachoufanya uwekwe hapo. Ameondoa mti, kaburi, soko na watu waliouzwa. Jina pungufu laweza kuwa kweli na hata hivyo likapoteza habari.

Misalaba iliyo kabatini

Mwaka 1868 jeshi la Uingereza likiongozwa na Robert Napier liliishambulia ngome ya Maqdala katika Ethiopia ili kuwaokoa wafungwa wa Ulaya. Tarehe 13 Aprili Mfalme Tewodros wa Pili alijiua asikamatwe, na ngome ikaporwa. Miongoni mwa waliokuwako alikuwa Richard Holmes wa British Museum. Vitu vilivyochukuliwa, yaani taji, vikombe vya ibada, vitabu vya ngozi, tabot na misalaba, vilinadiwa kwa muda wa siku mbili, kisha vikasafirishwa. Vingi viko katika makumbusho na maktaba za Uingereza hata sasa. Mwaka 2018 makumbusho ya Victoria and Albert mjini London ilivionyesha baadhi vilivyoko kwake, miaka 150 baada ya vita. Mwaka 2021 vitu vichache vilivyokuwa mikononi mwa watu binafsi, ikiwamo misalaba, vilirudishwa Ethiopia.

Habari ya tabot yatoa funzo kwa wenye kushughulika na maneno. British Museum inazo 11. Kwa kuwa zimetambuliwa kwa jina lake la Ge'ez, na kwa kuwa jina hilo hubeba pamoja nalo sheria kwamba ni makasisi peke yao wawezao kuitazama, hazionyeshwi kwa umma, hazichunguzwi, wala hazipigwi picha. Zimefungiwa katika chumba chake. Mwaka 2024 kanisa la Westminster Abbey, ambalo lina tabot moja, lilikubali kimsingi kwamba irudishwe. Hakuna mtu aliyesema kuwa ni kibao cha mti au cha jiwe chenye maandishi, ingawa kwa umbo lake ndivyo ilivyo.

Msalaba wa maandamano haukupata ulinzi huo. Umeandikwa katika daftari kwa madini yake, kwa urefu wake na kwa karne yake, ukawekwa ndani ya kioo karibu na bangili na mikufu. Mpini haupo, kwa kuwa ulioza au uliachwa. Kitambaa hakipo. Mikono ya chini, ambayo kazi yake ilikuwa kukishika kitambaa, imebaki bila maelezo. Mtazamaji huona kazi nzuri ya shaba, naye husifu ufundi. Hawezi kujua kwamba kitu kile kiliguswa kwa midomo na mamia ya watu, na kwamba baadhi ya misalaba ya namna hiyo imeandikwa kwa Ge'ez jina la aliyeitoa, ili aombewe daima na wenye kuitumia.

Yasidhaniwe kwamba hatari hii ni ya zamani tu. Mwaka 1997 msalaba uheshimiwao kuliko yote katika Lalibela, uitwao Afro Aygeba, uliibwa kanisani. Ulipatikana baadaye mikononi mwa mkusanyaji wa vitu vya sanaa katika Ubelgiji, ukarudishwa. Mwizi na mnunuzi walikuwa na jina lao kwa kitu hicho, nalo lilikuwa jina la bidhaa. Watu wa Lalibela walikuwa na jina lao, na kwa jina hilo walidai kitu chao mpaka wakakipata. Makasisi wanautumia tena kuwabariki wagonjwa.

Maneno yapasayo kutumiwa

Kutokana na yaliyoelezwa, yafaa wafasiri na waandishi wa Kiswahili wafuate mambo haya. Kwanza, kila msalaba utajwe kwa kazi yake kabla ya madini yake: msalaba wa maandamano, msalaba wa mkononi, msalaba wa shingoni. Kiunganishi -a, kikifuatwa na jina la kazi au la mahali pa mwili, kimeshazoeleka katika lugha, na hakuna haja ya kutunga neno jipya. Pili, msalaba wenye sanamu uitwe msalaba wenye sanamu ya Msulubiwa, usiitwe msalaba tu, ili tofauti ya desturi mbili isipotee. Tatu, sehemu za msalaba wa maandamano zitajwe kuwa kichwa, mrija, mikono ya chini na mpini. Na ikiwa mpini na kitambaa havipo, iandikwe kwamba havipo. Nne, neno pambo litumiwe kwa nakshi iliyoko juu ya msalaba, lisitumiwe kwa msalaba wenyewe. Tano, majina mesqel na tabot yaachwe kama yalivyo mahali ambapo yana maana isiyopatikana katika neno la Kiswahili, kisha yaelezwe mara moja.

Huenda mtu akauliza, je, maneno ya Kiswahili yataweza kubadili neno lolote katika daftari za London? Jibu ni kwamba daftari hizo husomwa, na siku hizi husomwa na Waafrika pia. Sheria ya mwaka 1963 inayoiongoza British Museum huizuia isitoe vitu vyake ila kwa sababu chache, na mjadala juu ya sheria hiyo unaendelea. Katika mjadala wa namna hiyo hoja huanza katika maelezo ya kitu: ni kazi ya sanaa ya madini, au ni chombo cha ibada kilichotwaliwa kanisani? Kitabu cha shule cha Kiswahili kitakachomwambia mtoto wa Dodoma au wa Mombasa kwamba picha ile ni ya pambo la kale la Uhabeshi kitakuwa kimelijibu swali hilo kabla mtoto hajaliuliza. Na kitakachomwambia kwamba ni msalaba wa maandamano wa kanisa fulani, uliotiwa mpini na kitambaa ukaenda pamoja na watu mpaka majini, kitampa jambo la kuuliza: mpini wake uko wapi, na watu wale wako wapi?